Kura ya mwanafunzi Hungaria ina uzito gani?

Kwa sheria ya Hungaria, ukishasajiliwa tu chuo kikuu unakuwa mwanachama wa serikali ya wanafunzi. Hujazi fomu, hulipii kadi, huulizwi umetoka wapi. Una haki ya kupiga kura na kugombea, uwe umezaliwa Budapest au umeshuka juzi na begi lako kutoka Dar es Salaam. Wenyewe wanaiita HÖK, na siyo pambo: sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2011 inawapa wanafunzi kati ya asilimia 20 na 25 ya viti vya seneti ya chuo. Kwenye seneti ya watu 40, hao ni wanane hadi kumi, wanakaa na maprofesa na kupiga kura kama wao.

Shahada ya kwanza niliisoma nyumbani Tanzania, ambako ukitaja serikali ya wanafunzi akili za watu zinakwenda moja kwa moja kwenye bumu lililochelewa, mgomo, na tangazo la uongozi lililobandikwa usiku. Nilipofika Szeged, mji wa kusini kabisa karibu na mpaka wa Serbia, kwa ufadhili wa Stipendium Hungaricum (forinti 43,700 kwa mwezi, ambazo ukiingia nazo sokoni mara mbili umekwisha), nilikuta viongozi wa wanafunzi wenye ofisi, bajeti, mhuri na kalenda ya vikao. Nilivutiwa. Bado navutiwa, ila nimeanza kujiuliza ile kura inafika wapi, na inaishia wapi.

Tuanze na inapofika, maana inafika mbali kuliko watu wengi wanavyodhani. Kanuni za chuo kuhusu ada na posho za wanafunzi hazipiti bila HÖK kukubali. Utaratibu wa wanafunzi kuwapima wahadhiri wao, vilevile. Fedha ambazo serikali inatoa kwa ajili ya posho za wanafunzi, mgawanyo wake unapita mikononi mwao kwa sehemu kubwa, na vitanda vya hosteli pia. Kitaifa wana muungano wao, HÖOK, ambao unatuma wajumbe hadi kwenye kamati ya ithibati ya vyuo. Wanafunzi wa uzamivu nao wana chombo chao, DOSZ. Nchi nyingi za Ulaya zina kitu cha namna hii, lakini si nyingi zilizokiandika kwenye sheria kwa undani hivi.

Niliyaona haya kwa karibu kupitia jamaa niliyekaa naye chumba kimoja hosteli, kijana kutoka kijiji cha mashariki, karibu na Ukraine. Kila muhula mpya ulipoanza alikuwa na wiki yake ya makaratasi. Anatandaza kitandani hati za mshahara wa mama, karatasi ya manispaa inayoonyesha nani anaishi nyumbani kwao, cheti cha mdogo wake kwamba bado anasoma, barua ya bibi ya pensheni. Kila karatasi ina alama zake: kipato kikigawanywa kwa idadi ya watu nyumbani, umbali wa kwenu na chuo, kama mzazi mmoja hayupo, kama kuna mgonjwa wa kudumu. Alama zikijumlishwa ndiyo posho ya hali ngumu inatoka, au haitoki. Karatasi moja ikikosa tarehe, anarudishwa. Nilimuuliza nani anakaa upande wa pili kukagua. Akanitajia mwanafunzi wa mwaka wa tatu, binti tuliyekuwa tunakutana naye jikoni akichemsha tambi.

Hilo lilinikaa. Mwanafunzi mwenzako ndiye anayekuhesabia alama za umaskini wako. Kuna uzuri ndani yake, kwa sababu yule binti anajua hosteli inagharimu nini na basi la kwenda kwao mtu linagharimu nini, na akikataa ombi anakutana na mwombaji jioni ileile. Lakini ndiyo hapohapo HÖK inapogeuka ofisi. Mwenye kugawa posho na vitanda, na juu yake kuandaa kambi ya wanafunzi wapya na sherehe za kila mwezi, ana marafiki wengi na wapinzani wachache. Nenda mlangoni kwao mwanzoni mwa Septemba: foleni ni ya vikuku vya tamasha, si ya watu waliokuja kuuliza ajenda ya seneti.

Na ofisi inaweza kuoza. Februari 2013 vyombo vya habari vya Hungaria vilifichua orodha ya wanafunzi wapya iliyokuwa imetengenezwa miaka ya nyuma ndani ya serikali ya wanafunzi ya kitivo cha sanaa cha chuo kikuu cha ELTE, Budapest. Pembeni ya majina kulikuwa na maelezo ya maumbile ya wasichana, siasa za watu, nani Myahudi. Nchi ilishtuka, na kwa haki. Watu ambao tayari walikuwa wanasema HÖK ni kitalu cha wanasiasa wachanga walipata ushahidi ambao hawakuhitaji kuutafuta.

Kitalu cha wanasiasa, hilo nalo lina historia, tena ndefu. Szeged penyewe, tarehe 16 Oktoba 1956, wanafunzi walijaa kwenye ukumbi wa chuo wakajitoa kwenye jumuiya ya vijana ya chama cha kikomunisti na kuunda umoja wao huru, MEFESZ. Miongoni mwa walioongoza walikuwa Tamás Kiss na András Lejtényi, wote wa sheria. Walichodai mwanzoni hakikuwa kupindua serikali. Walitaka mambo ya kawaida kabisa ya mwanafunzi, likiwemo kwamba Kirusi kisiwe somo la lazima. Wakatuma wenzao kwenye vyuo vingine kueneza habari. Siku sita baadaye wanafunzi wa chuo cha ufundi Budapest walikuwa wameandika madai 16, na kesho yake, tarehe 23, yalikuwa maandamano, kisha mapinduzi, kisha vifaru vya Kisovieti. Kila mwaka Oktoba mji unakumbuka. Huwa napenda kuwaambia wageni wenzangu kwamba moto ule wa 1956, ambao dunia inaujua kwa picha za Budapest, cheche yake mojawapo iliwashwa na watu waliokuwa wanalalamikia ratiba ya masomo.

Halafu kuna Bibó. Hungaria wana aina ya hosteli ambayo kwetu sijaiona: wanafunzi hodari wanaishi pamoja, wanapanga wenyewe kozi za ziada, wanachagua wenyewe nani apokelewe, na kwa baadhi yake hata mkurugenzi wanamchagua wao. Ile ya wanauchumi, Rajk, ilianza 1970. Ile ya wanasheria ndiyo Bibó, na humo ndimo tarehe 30 Machi 1988 vijana 37 walipounda Fidesz, wakiwa na kanuni kwamba mwenye zaidi ya miaka 35 haruhusiwi kujiunga. Viktor Orbán, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alikuwa mmoja wao. Maana yake ni kwamba chama kilichoshika dola 2010 na kuandika upya sheria za vyuo kilizaliwa kwenye demokrasia ya wanafunzi, tena ile ya kweli, ya kupiga kura hadi usiku wa manane. Wanajua vizuri wanafunzi wakijipanga wanaweza kufanya nini. Mimi nadhani walilijua hilo kupita kiasi.

Angalia ya 2012. Serikali ilikuwa imekwisha kupunguza nafasi zinazolipiwa na dola, hasa sheria na uchumi, na kuweka mkataba mpya: ukisomeshwa na serikali, ukimaliza ufanye kazi Hungaria kwa muda mara mbili ya ule uliosoma, ndani ya miaka 20. (Baadaye wakalegeza, ukawa muda sawa na uliosoma.) Desemba ikatangazwa kwamba mwaka unaofuata nafasi zenye ufadhili kamili zingekuwa kama 10,500 tu, nchi nzima. Wanafunzi wakaingia barabarani, na wanafunzi wa sekondari nyuma yao, maana wao ndio waliokuwa wanafungiwa mlango. Aliyekuwa mbele hakuwa HÖOK peke yake. Kulikuwa na mtandao usio na ofisi wala mhuri, Hallgatói Hálózat, watu wakiuita HaHa, ambao maamuzi yao yalifanywa kwenye mikutano ya wazi ambapo yeyote aliyeingia aliweza kunyanyua mkono.

Serikali ilirudi nyuma kuhusu zile nafasi ndani ya siku chache. Kisha ikachagua wa kuzungumza naye: HÖOK, chombo halali kisheria. HaHa wakabaki nje, na Februari 2013 wakaukalia ukumbi mmoja pale ELTE kwa zaidi ya mwezi. Sitaki kuwalaumu HÖOK kwa kukaa mezani. Walikuwa na wajibu wa kukaa. Ila mtu akiniuliza serikali iliogopa nini Desemba ile, sitasema iliogopa asilimia 25 ya seneti. Na gharama ilionekana kwenye namba: waombaji wa vyuo walikuwa kama 140,000 mwaka 2011, kufika 2013 walikuwa chini ya 100,000. Hadi leo Wahungaria wa miaka 25 hadi 34 wenye shahada ni karibu asilimia 30 tu, na nchi iko mkiani Umoja wa Ulaya pamoja na Romania na Italia.

Miaka saba baadaye likaja jambo ambalo ndilo lililobadilisha kila kitu, na wengi tuliofika baadaye tunalikuta kama hali ya hewa tu. Vyuo vya serikali vikaanza kuhamishiwa kwenye wakfu. Kila wakfu una bodi ya wadhamini, na bodi hiyo ndiyo yenye kauli ya mwisho kuhusu bajeti, mali, na katiba ya chuo. Corvinus walitangulia 2019. Chuo cha maigizo na filamu cha Budapest, SZFE, kilichoanza 1865, kikafuata Septemba 2020, na wajumbe wa bodi wakateuliwa bila jina hata moja lililopendekezwa na chuo chenyewe. Seneti yao ikajiuzulu, kwa sababu mamlaka yake makuu yalikuwa yameondolewa. Wanafunzi wakaingia kwenye jengo lao la mtaa wa Vas, wakalikalia, wakazungushia utepe mwekundu na mweupe kama ule wa kuzuia njia kwenye ajali. Tarehe 6 Septemba maelfu ya watu walishikana mikono kutoka chuoni hadi bungeni, wakipitisha mkono kwa mkono hati ya madai yao. Waliendelea humo ndani hadi Novemba, korona ilipofunga miji. Kundi kubwa la walimu na wanafunzi likatoka na kuanzisha Freeszfe, na vyuo kadhaa vya nje vikakubali kuwatunuku shahada wale waliokuwa katikati ya masomo ili wasipoteze miaka yao.

Hapa serikali ya wanafunzi, ileile ya kikatiba, ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele. Kwa hiyo siwezi kusema HÖK zote ni za vikuku na tambi. Lakini haikushinda.

Mwanzoni mwa 2021, masomo yakiwa mtandaoni na korido tupu, vyuo vingine vingi vikatakiwa kuamua haraka. Seneti zikapiga kura, nyingi zikakubali, Szeged ikiwemo, na wanafunzi wakiwa na viti vyao humohumo. Asilimia 20 hadi 25 haikuguswa. Walichofanya ni kuyahamisha maamuzi makubwa kwenda chumba kingine ambacho mwanafunzi hana kiti. Ni kama mwenye nyumba anayekuachia funguo yako ya zamani baada ya kubadilisha kitasa.

Bili ya hilo waliletewa wanafunzi. Desemba 2022 Baraza la Umoja wa Ulaya, likiwa na wasiwasi kuhusu wanasiasa waliokuwa kwenye bodi hizo na mianya ya mgongano wa maslahi, likazuia fedha mpya za Erasmus (mpango wa Umoja huo wa kupeleka wanafunzi kusoma nchi nyingine) na za utafiti kwa taasisi za wakfu. Zaidi ya vyuo 20 vikaguswa. Baadhi ya mawaziri wakajiondoa kwenye bodi, zuio likabaki, serikali ikaanzisha mpango wake wa Pannónia kuziba pengo la safari za wanafunzi. Nilikuwa darasani na Wahungaria waliokuwa wanapanga muhula wa Lisbon au Bologna tangu mwaka wa kwanza. Hakuna aliyewauliza kabla ya mfumo kubadilishwa, na walipoadhibiwa hakuna aliyewauliza pia. Mmoja wao, kwenye ile fomu ya kuwapima wahadhiri inayojazwa kwenye Neptun, mfumo wa chuo wa mtandaoni, kwenye kisanduku cha maoni mengine, aliandika kwamba mhadhiri ni mzuri sana, tatizo ni Brussels na Budapest. Tulicheka, akabonyeza kutuma.

Katika hali hiyo, kupiga kura kwa HÖK kunakuwa kazi ya kukumbushana. Sheria inataka angalau robo ya wanafunzi wa kutwa washiriki ili uchaguzi uwe halali, na robo hiyo haipatikani kirahisi. Ujumbe unaingia kwenye barua pepe, kwa Kihungaria, halafu tena, halafu tena. Dada mmoja Mkenya aliyekuwa anafanya uzamivu alikuwa anatuandikia kwenye kundi letu la WhatsApp: "Kaka zangu, dada zangu, pigeni kura, ni dakika mbili tu, mkisubiri posho ya hosteli ipunguzwe ndio mtaanza kuuliza mwakilishi ni nani." Alikuwa na hoja. Wageni ni wengi sana kwenye vyuo hivi sasa, wengine wanalipa ada kubwa ya kusomea udaktari wa tiba, na wagombea wanaohangaika kuzungumza nao kwa lugha wanayoielewa unaweza kuwahesabu kwa mkono mmoja.

Lakini vijana wengi wa Hungaria hawafiki kwenye seneti yoyote. Wanakwenda kwenye mafunzo ya ufundi, na huko neno kushiriki lina sura tofauti kabisa. Sheria mpya ya ufundi ilipitishwa 2019 na kuanza 2020: kuna technikum ya miaka mitano, ambayo unatoka na cheti cha sekondari pamoja na ufundi, na kuna shule ya ufundi ya miaka mitatu, ambako ndiko wanakorundikana watoto wa familia maskini, wengi wao Waroma (jamii ya wachache ambayo wengine huiita Gypsy). Mwanafunzi anaanza na msingi wa sekta yake, anafanya mtihani, akifaulu anaweza kusaini mkataba wa kazi na kampuni inayomfundisha. Huo ni mkataba wa kweli. Una mshahara, bima na likizo, na aliye chini ya miaka 18 hawekwi zamu ya usiku. Kampuni nayo inapata nafuu ya kodi kwa kila mwanafunzi. Chemba ya biashara na viwanda ndiyo inayosimamia nani anafaa kufundisha. Kwa mtu anayetoka kwenye nchi ambako kijana wa VETA anazunguka na bahasha kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, halafu anafagia karakana miezi miwili, huu ni mpango wa kuonea wivu, na mimi nauonea.

Ndani ya shule, sauti yake ni ndogo. Ipo serikali ya wanafunzi ya shule, na sheria inaruhusu baraza la mafunzo lenye wazazi, walimu na wanafunzi, lakini mambo mazito, kwa mfano ni saa ngapi za Historia na Hisabati zibaki kwenye ratiba ya fundi mchomeleaji, yanaamuliwa mbali naye, na mwajiri anasikilizwa kabla yake. Umri wa lazima wa shule ulishushwa kutoka 18 hadi 16 kwa sheria ya 2011, kwa hiyo asiyeridhika ana njia rahisi ya kupiga kura: anaondoka. Na walimu wa ufundi walitolewa kwenye utumishi wa umma 2020 wakapewa nyongeza ya mshahara. Walimu wa sekondari za kawaida walipogoma 2022, na wanafunzi wao wakaziba daraja la Margit jijini Budapest na mwaka uliofuata wakapuliziwa gesi ya machozi, shule za ufundi hazikuwa zimefungwa kamba moja na wenzao. Sidhani kama ilipangwa hivyo, ila ilisaidia.

Kwenye treni ya kutoka Szeged kwenda Budapest kuna kituo cha Kecskemét, mji wenye kiwanda cha Mercedes tangu 2012, mwaka uleule ambao chuo cha pale kilianzisha shahada ya mtindo wa kusoma na kufanya kazi kwa zamu. Jioni moja alikaa mbele yangu kijana mwenye viatu vya chuma puani na mkebe wa chakula, mwanafunzi wa ufundi wa karakana moja ya pale mjini. Kihungaria changu cha kuungaunga kilitosha. Wiki ile alikuwa kazini, inayofuata darasani. Alijua mshahara wake hadi forinti ya mwisho, alijua siku zake za likizo, alijua jina la fundi anayemsimamia na amefanya kazi pale miaka mingapi. Nikamuuliza shuleni nani anawawakilisha. Akafikiri. Akasema ipo kamati, inaandaa siku ya wanafunzi, mwaka jana walikodi jukwaa.

Nikamwambia habari za seneti, kwamba chuo kikuu mwanafunzi anakaa na maprofesa na kupiga kura. Alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. Akaniambia akimaliza technikum anafikiria kozi ya miaka miwili ya chuo, na kwamba baadhi ya masomo yake yangehesabiwa. Kisha akauliza lile analotaka kujua: wakati unapiga hizo kura, wanakulipa?

Nikamwambia inategemea alama zako, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakayekagua karatasi za mama yako.